Wenzangu wanapunguza kasi makusudi, na mkubwa anataka nimpe majina

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, dereva wa lori dogo la kusambaza maziwa ya pakiti na mala hapa Nairobi. Tunapakia kukiwa bado giza katika bohari moja la Industrial Area, kisha kila gari linashika njia yake. Wengine huenda Kasarani na Githurai, wengine Rongai. Mimi na utingo wangu tunahudumia Umoja, Kayole na Komarock. Nina mke na watoto wawili. Mke wangu huuza nguo Gikomba, lakini kodi ya nyumba na karo hutoka kwa mshahara wangu.

Kwa miaka mingi sikuwa na neno na kampuni hii. Mambo yaliharibika ilipobandikwa karatasi ukutani ikisema kwamba posho ya chakula na safari imeondolewa. Hatukuitwa, hatukuulizwa. Mwezi uliofuata tukaona makato mapya kwenye hati zetu za mshahara, yameandikwa tu "hasara". Pakiti ikipasuka tunakatwa, mala ikirudishwa na mwenye duka tunakatwa, hata zile pakiti zinazotoka bohari zikiwa tayari zinavuja tunakatwa. Utingo wangu ni kijana wa mtaa wa Pipeline, mshahara wake ni mdogo kuliko wangu, na mwezi ule alikatwa mpaka mwenye nyumba akamfungia mlango kwa kufuli. Tulipomwendea supavaiza, alisema ambaye hajaridhika lango liko wazi.

Basi madereva wa siku nyingi wakakubaliana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tufanye mgomo baridi. Hakuna kugoma, hakuna kuimba langoni, ni kujivuta tu. Kreti unazihesabu mara mbili. Dukani unakawia kuliko inavyohitajika. Ukipigiwa simu unasema Jogoo Road imefunga, au gurudumu linapoteza upepo. Gari lililokuwa likifika Kayole watu wakijiandaa kwenda kazini sasa linafika saa nne. Anayemaliza njia yake mapema anaulizwa kwenye kikundi, "Wewe uko upande gani?"

Nami najivuta kama wenzangu, kwa sababu hasira ninayo na wao ndio watu wangu. Lakini kuna mama mmoja wa kibanda Umoja, anapika chai na mandazi kwa makanga na vijana wa mjengo. Maziwa yakimfikia saa nne wateja wake wameshaondoka. Juzi aliniambia kwa upole kwamba siku hizi anachukua maziwa kwa mtu wa pikipiki, na kwamba deni la kreti zilizopita hataweza kulilipa wiki hii. Sikupata la kumjibu. Kuna siku nyingine tulirudi bohari na maziwa yaliyopata joto, yakakataliwa, na hasara hiyo ikaandikwa kwa jina la utingo wangu.

Sasa supavaiza ameniita peke yangu ofisini. Alinipa soda, akaniambia mimi ni mtu wa maana, na kwamba nikimtajia wanaoongoza huu mchezo nafasi ya msimamizi wa njia itakuwa yangu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wenzangu waliniona nikitoka humo ndani na tangu siku hiyo salamu zao zimepoa. Mke wangu sijamwambia lolote.

Shangazi, nikitoa majina nitakuwa nimewauza watu tuliokula nao. Nikinyamaza naweza kufutwa pamoja nao. Nikianza kuendesha kama zamani nitaitwa msaliti. Na mimi najua Katiba inaturuhusu kugoma, kwa hivyo sioni kosa letu liko wapi kisheria. Lakini usiku silali. Nifanye nini?

Dereva, Kayole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara macho yangu yamesimama kwa yule kijana wa Pipeline. Makato ya kampuni yalimfungia mlango wa nyumba. Kisha mgomo baridi, ulioanzishwa kwa sababu ya makato kama hayo, ukamwongezea mengine. Sidhani kuna hata mmoja kwenye kikundi chenu aliyetaka hivyo. Ningependa tuanzie kwake, kwa sababu yaliyompata yanaonyesha jinsi njia mliyoichagua inavyofanya kazi kuliko maelezo yoyote ninayoweza kukupa.

Kwanza niseme wazi kwamba malalamiko yenu yana msingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi yaliyoandikwa kwenye mkataba ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Ikiwa posho yenu imo kwenye mikataba, karatasi ya ukutani haitoshi. Kifungu cha 19 kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kutoa kwenye mshahara. Kuhusu mali iliyoharibika au kupotea, anaweza kukata kiasi cha haki pale hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Pakiti iliyotoka bohari ikivuja haimo humo. Na hata makato yote yawe halali, kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Sasa tazama kilichotokea mlipoanza kujivuta. Kabla ya hapo, kampuni ingepata tabu kumweleza afisa wa leba ni makusudi gani yaliyopasua pakiti. Leo, maziwa yakipata joto kwa sababu gari lilikawia kwa makubaliano, makusudi yapo, na yameandikwa kwenye simu zenu wenyewe. Dai lililokuwa na nguvu mmelidhoofisha kwa mikono yenu, na anayelipa kwanza ni yule mwenye mshahara mdogo.

Umesema Katiba inawaruhusu kugoma. Ni kweli, Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki hiyo, pamoja na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Lakini haki hiyo ina njia yake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi, nayo ya mwaka 2007, inataka mzozo upelekwe kwanza kwa msuluhishi, na ikiwa haukutatuliwa, ilani ya mgomo itolewe kwa maandishi siku 7 kabla. Anayeshiriki mgomo usiofuata utaratibu huo huhesabiwa kuwa amevunja mkataba wake. Mgomo baridi wenu haukutolewa ilani kwa mtu yeyote. Kwa mkubwa wenu, kila gari lililochelewa ni dereva mmoja mvivu, au dereva mmoja mwongo. Nyinyi mnajiona mko pamoja, lakini kwenye faili zake kila mmoja yuko peke yake, na kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu mtu kufutwa papo hapo kwa kupuuza kwa makusudi kazi aliyopaswa kuifanya. Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Mna dai la watu wengi, na njia ya kujificha imeligeuza kuwa kosa la mtu mmojammoja.

Niruhusu nikuulize, mwanangu: je, una hakika kwamba supavaiza hajui? Magari mengi ya kusambaza bidhaa siku hizi yana kifaa cha kufuatilia, na kinaonyesha gari limesimama wapi na kwa muda gani. Stakabadhi za kupokea bidhaa huandikwa saa na kupigwa muhuri wa duka. Kikundi cha WhatsApp nacho kina watu wengi, na picha ya ujumbe hupigwa kwa kidole kimoja. Inawezekana majina anayo, na anachokitafuta kwako ni shahidi. Au anataka tu kuwaona wenzako wakikutilia shaka, jambo ambalo kwa maelezo yako limeshaanza kutokea. Sijui lililo moyoni mwake. Ninachokuomba ni usiihesabu ahadi ya mdomo iliyotolewa juu ya soda kama kitu kilichoko mkononi.

Tuseme umempa majina na ukapata nafasi hiyo. Utawasimamia watu wanaojua ulivyoipata. Na ukitazama vizuri, makato yatakuwa palepale, ila sasa wewe ndiye utakayeyaandika. Kuna wanaume walioishi na jambo kama hilo na wakawalisha watoto wao vizuri, siwezi kukudanganya. Lakini wewe umeniambia hulali, na hata hujatoa jina lolote.

Kuendelea kama mlivyo nako kuna gharama ambazo kikundi chenu huenda hakijazihesabu. Mama wa Umoja ameshapata mtu wa pikipiki. Wateja wa kutosha wakifanya hivyo, kampuni itakuwa na sababu ya kufunga njia yako, au kuikabidhi kwa mkandarasi mwenye magari yake. Mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu kazi imepungua anapaswa kupewa ilani ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Anayefutwa kwa utovu wa nidhamu hana malipo hayo. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu kama wewe, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Tena kuna barabara. Ratiba ya maziwa ni ya alfajiri kwa sababu ya baridi, na kwa sababu Outering Road huwa haijajaa. Ukiisogeza mbele unaendesha katikati ya msongamano na jua, mlango wa boksi ukifunguliwa kwa kila duka huku joto likiingia, utingo anabeba kreti akiwa amechoka, na mnarudi jioni watoto wa shule wakivuka barabara. Sijasikia mtu akilitaja hili anapopanga mgomo baridi, na linanisumbua.

Labda unawaza kwamba uache kimyakimya, uendeshe kama zamani, na atakayeongea aongee. Unaweza. Mama wa Umoja atapata maziwa yake kwa wakati, nawe utakuwa na rekodi safi kuanzia leo. Hatari yake unaijua kuliko mimi, kwa sababu ni wewe utakayekaa nao bohari mkisubiri kupakia. Na ukiacha bila kusema lolote, wenzako watamaliza sentensi hiyo wenyewe, hasa baada ya kukuona ukitoka ofisini. Ukichukua njia hii, nafikiri ingekuwa afadhali wasikie kutoka kinywani mwako ulichoambiwa humo ndani, na ulichojibu au usichojibu, kabla ya kuliona gari lako likirudi mapema.

Kuna njia nyingine ambayo sikuiona kwenye barua yako. Malalamiko haya hayajawahi kuwekwa kwenye karatasi. Mlimwendea supavaiza kwa mdomo, akawajibu kwa kiburi, mkaishia hapo. Juu yake kuna meneja, na huenda kuna afisa wa wafanyakazi au mwenye kampuni, ambao wanachokiona ni hesabu za maziwa yaliyorudi tu. Barua fupi inayosema posho iliondolewa bila mashauriano, makato haya hayakuelezwa, na hizi hapa hati za mshahara kama ushahidi, ni kitu ambacho mkubwa hawezi kukiita uvivu. Kuhusu nani atie sahihi kwanza, mabaharia wa zamani wa Uingereza walikuwa wakizungusha sahihi zao kwa duara ili asionekane kiongozi. Nanyi mnaweza kufanya hivyo.

Barua ikipuuzwa, mnaweza kwenda ofisi ya leba, na mfanyakazi anaweza kupeleka malalamiko yake huko hata kama hana chama. Kuhusu chama, mwajiri analazimika kukitambua pale kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Hiyo ni kazi ya miezi, na inahitaji watu kujitokeza mchana kweupe, jambo ambalo ni gumu kuliko kujivuta barabarani. Kama wenzako wana ujasiri wa kutosha kuwachelewesha wateja wa nusu ya Eastlands, pengine wanao pia wa kutia sahihi. Pengine hawana. Ni vyema ujue hilo kabla hujaamua utasimama nao kwa kiasi gani.

Njia hii nayo si salama. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, mradi malalamiko yasiwe ya ovyo yasiyo na msingi. Lakini kinga hiyo hufanya kazi baada ya mtu kuumia. Anayefutwa kwa uonevu anaweza kushinda katika mahakama ya kazi na kulipwa hadi mshahara wa miezi 12, ila kesi huchukua muda mrefu, na mwenye nyumba wa Kayole hasubiri hukumu. Na ikiwa barua itapelekwa huku magari yakiendelea kuchelewa, meneja atajibu kuhusu magari na kuacha makato. Hivyo wenzako watalazimika kuzungumza kama wako tayari kurudisha kasi siku barua inapoingia, na ningependa kujua watasema nini. Wapo watakaoona kwamba kurudisha kasi ni kujisalimisha. Hasira yao naielewa. Mtu aliyeonyeshwa lango hawezi kulaumiwa kwa kutafuta silaha yoyote iliyo karibu.

Turudi kwa supavaiza, kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali. Umelichukua swali lake kama lenye majibu mawili, majina au kimya. Unaweza kumpa sababu bila kumpa majina. Mweleze kwamba magari yanachelewa kwa sababu watu wana uchungu wa posho na makato, na kwamba wakiitwa kikao kuna wengi wataongea. Huenda akakasirika. Huenda pia ikawa mara ya kwanza yeye kupata kitu cha kumpelekea meneja wake. Ukichagua kusema hivyo, fikiria kuwa na mwenzako mmoja pembeni, ili baadaye pasiwe na hadithi mbili. Na ikifika mahali wakuite rasmi kwa mambo ya nidhamu, kumbuka kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa, kusikilizwa kabla ya uamuzi, na kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemtaka wewe. Hapo usidanganye kuhusu gari lako mwenyewe, kwa sababu rekodi zitakuwa mezani. Kuhusu wengine, huo ni mzigo wako kuupima. Mimi siwezi kuubeba kwa niaba yako.

Vyovyote utakavyoamua, kusanya karatasi zako sasa: mkataba, hati za mshahara za kabla na baada ya mabadiliko, picha ya ile karatasi ya ukutani kama bado ipo. Anza pia kupiga picha pakiti zinazovuja wakati wa kupakia, na mwandike idadi yake kabla gari halijatoka langoni, mwenye stoo atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa. Hayo yatakufaa ukibaki, ukihama, au ukifutwa, na yatamfaa utingo wako kuliko wewe, kwa hiyo mfundishe naye afanye vivyo hivyo.

Mkeo hujamwambia, nami nadhani unataka kumkinga. Lakini kodi ya nyumba hii ni yake pia, na mtu anayefanya biashara Gikomba anajua mengi kuhusu kugawiwa hasara isiyo yake. Mwambie kabla hujarudi kwenye ile ofisi. Anaweza kukuambia mnaweza kuhimili miezi mingapi bila mshahara wako, na bila kulijua hilo huwezi kupima hatari ya njia yoyote kati ya hizi.

Niandikie tena ukishaongea naye.

Shangazi